Mashine Inapoambiwa Iko Awendo

Kazi nyingi za fundi wa kompyuta huacha alama. Kioo kilichopasuka kikibadilishwa, mteja hukiona. Kibodi mpya hung'aa. RAM ikiongezwa, mashine huchangamka hata mtoto akatambua. Ila ipo kazi moja isiyoacha alama yoyote. Fundi huwasha mashine, hugonga kitufe fulani upesi upesi kabla nembo ya kampuni haijatoweka, na skrini hugeuka ukurasa wa buluu au kijivu uliojaa orodha. Husoma, hubadilisha jambo moja au mawili, huhifadhi, hutoka. Kioo ni kilekile, kibodi ni ileile, na mteja hutia mkono mfukoni shingo upande akijiuliza analipia nini hasa. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuisifu, na nitaisifia Awendo, kwa maana miji ya namna hii ndiyo inayoonyesha ugumu wake.

Awendo ni mji wa miwa katika Kaunti ya Migori, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori na mpaka wa Isebania. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ambacho kila mtu hukiita Sony, ndicho kilichoukuza. Matrekta hupita na matrela ya miwa, na kando ya barabara yamejipanga maduka ya M-Pesa, ya mbolea na dawa za mifugo, na saiba ambako watu huenda kuchapisha barua, kuomba mkopo wa HELB na kuwasilisha taarifa za kodi. Kompyuta mpya kutoka kiwandani ni chache. Zilizo nyingi ni mitumba, zile ziitwazo eksi-UK hata zikiwa zimetoka Ujerumani au Uholanzi: mashine zilizotumika ofisini miaka kadhaa, zikaondolewa, zikapakiwa kwenye makontena, zikapita Mombasa na Nairobi hadi zikafika kwa mwalimu, karani wa ushirika wa wakulima au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, mji wa jirani.

Mashine hizo hazifiki tupu. Muuzaji huwa amefuta diski na kuweka Windows upya, lakini ndani ya madabodi mna chipu ndogo isiyoguswa na usafi huo. Humo ndimo inamokaa programu ya kwanza kabisa kuamka, ambayo mafundi huiita bayosi ingawa jina lake la siku hizi ni UEFI. Na humo ndimo zinamobaki amri za mwenyewe wa kwanza. Nimewahi kuona laptopu iliyokuwa ikikaa na skrini nyeusi kwa muda mrefu kila asubuhi kabla haijawaka. Mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba diski inakata roho na inunuliwe nyingine. Alipoipeleka kwa fundi mmoja aliuliza kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa msiba:

"Fundi, imekufa?"

"Haijafa, mwalimu. Inamtafuta mkubwa wake wa zamani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika ofisi kubwa kompyuta huamriwa mara nyingi kutazama kwanza waya wa mtandao, zikiitafuta seva itakayozipa mfumo wa kuwakia. Ndiyo njia rahisi ya kuhudumia mamia ya mashine bila kuzishika moja moja. Laptopu ya mwalimu ilikuwa kama kibarua aliyehamishwa kituo lakini bado anaripoti kwa mnyapara wa kule alikotoka. Kila asubuhi ilimwita, ikasubiri, ikakata tamaa, ndipo ikaigeukia diski iliyokuwa tumboni mwake muda wote. Fundi aliingia ukurasa wa mpangilio wa kuwaka, akaipandisha diski juu, akauzima mtandao, akahifadhi. Diski iliyokuwa imehukumiwa kufa haikuwa na kosa.

Mikasa ya namna hiyo ni mingi kwenye mitumba. Kamera haifanyi kazi kwa sababu ofisi fulani iliizima humo humo ndani ya bayosi kwa kuhofia siri zake. Mlango wa flashi umefungwa. Wayalesi haipo, na Windows hata haijui kwamba iliwahi kuwapo. Mashine nyingine zikiwashwa huonyesha jina la kampuni iliyozimiliki, na nyingine zina menyu za Kijerumani. Fundi asiye na subira huuza kamera ya kuchomeka na adapta ya wayalesi, akapata faida, na mteja akaondoka na vifaa viwili asivyovihitaji. Aliye stadi huanza kwa kusoma. Hupita ukurasa baada ya ukurasa akitafuta kila kilichozimwa, na kila anapokuta kitu hujiuliza kama kilizimwa kwa sababu inayohusu mtu wa hapa. Karibu kila mara jibu ni hapana.

Labda msomaji atauliza kwa nini mambo mazito namna hii yamewekwa mahali pa kupitwa upesi hivyo. Sababu iko katika jinsi mashine inavyoamka. Kichakato kikipata umeme hakijui lolote: hakijui kina diski, hakijui skrini ni nini. Kinachojua ni anwani moja tu waliyokiwekea waliokiunda, ambayo kwenye vichakato vya ukoo wa Intel wa kisasa iko baiti 16 chini ya mpaka wa gigabaiti 4, na hapo hukuta amri ya kuruka kwenda kwenye bayosi. Bayosi hukagua kumbukumbu, huamsha kibodi na kioo, kisha huisoma foleni ya vifaa vinavyoweza kuanzishia mfumo. Kama RAM imelegea, hakuna skrini ya kulalamikia, basi hupiga milio, na fundi huihesabu. Mambo yote hayo hutokea kabla Windows haijakuwapo. Kwa hiyo lililoharibika huko huwezi kulitengeneza ukiwa ndani ya Windows, na wengi hawajui hata kwamba kuna mahali pengine pa kutazama.

Jina lenyewe la bayosi lina historia fupi inayofaa kujulikana. Gary Kildall wa Marekani, alipokuwa akiunda mfumo wa CP/M katikati ya miaka ya 1970, alizitenga amri zote zilizotegemea umbo la mashine fulani, akaziweka peke yake, ili sehemu nyingine ya mfumo ihame kutoka mashine hadi mashine bila kuandikwa upya. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981 ilifuata utaratibu huohuo. Mipangilio wakati huo ilifanywa kwa swichi ndogo juu ya bodi, ukizisukuma kwa ncha ya kalamu. Mwaka 1984 ikaja IBM AT, iliyokuwa na kumbukumbu ya baiti 64 inayolindwa na betri, na programu ya kuipanga ikawa kwenye disketi: ukiipoteza disketi, umepoteza ufunguo. Ukurasa wa kubonyeza kitufe ulikuja baadaye, na UEFI, iliyoanzia kwa Intel na kukabidhiwa jopo la makampuni mengi mwaka 2005, imeingiza picha na kipanya. Mafundi wakongwe hawajaupenda huo urembo. Nakubaliana nao: ukurasa wa zamani ulikuwa mbaya lakini ulionyesha kila kitu, na huu mpya hukuficha nusu ya mambo mpaka ubonyeze neno dogo lililojificha pembeni.

Betri inastahili kuzungumziwa kwa kituo. Kwenye kompyuta za mezani ni ile ya mviringo iitwayo CR2032, na jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Hutoa volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa ya mashine isisimame umeme ukiwa umezimwa, na kwenye mashine nyingi za zamani ndiyo pia inayoilinda mipangilio yote. Betri hiyo haizidi bei ya chakula cha mchana kwenye hoteli ya kando ya barabara. Lakini ikiisha, huzua magonjwa yanayofanana na ya viungo vya bei ghali.

Tuchukue saiba ya Awendo mwishoni mwa Juni. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi za mwaka, na watu wamepanga foleni, wengi wao wakitaka kutangaza tu kwamba hawakupata kipato. Mashine ya tatu kutoka mlangoni inakataa kuufungua mtandao wa iTax. Inasema muunganisho si salama. Mhudumu anadhani intaneti ni mbovu, anaizima ruta na kuiwasha, na mteja wa mashine ya jirani aliyekuwa katikati ya fomu anapoteza kila alichokijaza. Kumbe betri imekwisha, stima ilikatika usiku, na saa ya mashine imerudi nyuma miaka mingi. Vyeti vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini kwamba bado ni mwaka 2012 huviona vyeti vya leo kuwa havijaanza kutumika, na kwa mantiki yake iko sawa kabisa. Fundi mwenye jicho hutazama pembe ya chini ya skrini kabla hajagusa kitu kingine. Akiona tarehe, amemaliza uchunguzi.

Saa ina ujanja mwingine unaowahusu hasa wanafunzi. Kijana anayesomea teknolojia ya habari huweka Windows na Linux kwenye laptopu moja. Tangu siku hiyo saa humchezea: akitoka Linux akaingia Windows, muda umerudi nyuma. Si betri. Windows huiandika saa ya bodi kwa saa za mahali ulipo. Linux kwa kawaida huiandika kwa saa ya kimataifa, na Kenya iko saa 3 mbele ya hiyo. Kila mfumo huirekebisha saa kwa imani yake na kumharibia mwenzake. Ukiona tofauti ni saa 3 kamili, wala si dakika kumi wala siku nzima, ugonjwa unajitaja wenyewe. Amri moja ya kuiambia Linux ifuate saa za hapa humaliza ugomvi. Asiyelijua hilo atabadilisha betri, kisha ataibadilisha tena.

Ninachotaka kukisema kinaonekana waziwazi zaidi kwenye umeme. Bayosi nyingi za kompyuta za mezani zina swali moja: stima ikikatika na kurudi, mashine ibaki imezimika, iwake yenyewe, au irudie hali iliyokuwa nayo? Kiwandani walichagua jibu moja bila kumfikiria mtu yeyote. Fundi wa Awendo hawezi kufanya hivyo. Eneo hili, kutoka ufuo wa Ziwa Viktoria huko Homa Bay hadi milima ya Kisii, lina radi nyingi, na stima ikirudi baada ya mvua wakati mwingine hurudi kwa kishindo kisha hukatika tena. Mashine ya mwenye duka asiye na kidhibiti cha umeme ni heri ibaki imezimika hadi mwenyewe aje, mambo yakiwa yametulia. Lakini kompyuta inayogawa intaneti kwa saiba nzima, au inayohifadhi rekodi ambazo mashine nyingine huzisoma, ni heri iwake yenyewe, la sivyo asubuhi watu watapangana nje wakimsubiri mwenye ufunguo wa chumba cha ndani. Swali ni lilelile na bodi ni ileile, lakini majibu ni mawili, na hakuna kitabu cha maelekezo kitakachokwambia ni lipi. Lazima umuulize mteja mashine inakaa wapi, nani huifungua, na jirani yao ni transfoma gani. Mipangilio ya kiwandani ni ya mashine isiyo na mahali. Ufundi ninaousifu ni wa kuiambia iko wapi na inamtumikia nani.

Yapo mambo mengine ambayo ustadi wake ni wa mpangilio, yaani kipi kitangulie. Windows 10 ilifikia kikomo cha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mitumba wengi wakaambiwa mashine zao hazifai kwa Windows 11. Kwa baadhi ni kweli, kichakato ni cha zamani na hakuna la kufanya. Kwa nyingine si kweli: kichakato kinakubalika, chipu ya usalama iitwayo TPM imo ila imezimwa kwenye bayosi, au mashine imewekwa iwake kwa mtindo wa kale. Fundi wa pupa huingia na kuugeuza mtindo mara moja, akawasha, akakuta mashine inasema haina kifaa cha kuwakia. Diski iliyogawanywa kwa jedwali la zamani haiwezi kuiwasha Windows kwa mtindo mpya. Anayejua huligeuza kwanza jedwali la diski akiwa bado ndani ya Windows, kwa zana ambayo Microsoft yenyewe imeiweka humo na isiyofuta mafaili, kisha ndipo anakwenda kwenye bayosi. Hatua ni mbili tu. Ukizipindua, mteja ataondoka akidhani amepoteza picha za harusi.

Hatari kubwa zaidi siku hizi ni BitLocker, kufuli ya diski iliyomo ndani ya Windows. Mashine iliyofungwa kwa BitLocker huikagua bayosi kila inapowaka. Ikiona ulinzi wa kuwaka umeguswa, hushuku mwizi na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, inayofunguliwa kwa barua pepe yake. Na hapa kwetu akaunti nyingi za barua pepe zilifunguliwa na mhudumu wa saiba siku ya kuomba HELB au namba ya KRA, neno la siri likaandikwa kwenye karatasi, karatasi ikapotea. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla ya kugusa chochote, humuuliza mteja kama anaweza kuifungua barua pepe yake. Mteja hushangaa, maana yeye amekuja kwa habari ya kamera. Fundi akisikia jibu la kusitasita, huisimamisha kwanza BitLocker ndani ya Windows, au huifunga laptopu na kumwambia akaipate hiyo akaunti kwanza. Kukataa kazi kwa siku moja ni sehemu ya kazi.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika pia katika kuiandika bayosi upya. Stima ikikatika katikati, chipu hubaki na nusu ya programu, na mashine haiwaki tena wala haipigi mlio. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya CIH, vilivyotoka Taiwan, vilionyesha ulimwengu jambo hilo kwa ubaya, vikiziandika chipu za bayosi takataka katika kompyuta nyingi kwa siku moja. Laptopu nyingi siku hizi hukataa kazi hiyo kama chaji haimo au betri haina nguvu ya kutosha. Za mezani hazina kinga hiyo. Fundi wa eneo la radi hatazami tu waya. Hutazama mawingu, na kama hakuna ugonjwa unaodai bayosi mpya huiacha ya zamani ifanye kazi yake.

Kuna desturi moja ya mafundi wazuri ambayo ningependa iwe sheria: kabla ya kubadilisha lolote, hupiga picha kila ukurasa kwa simu. Picha hizo hazina uzuri wowote, skrini zimepinda na mwanga wa dirisha umeingia. Lakini zikikosekana, chaguo la namna ya kuisoma diski likigeuzwa kutoka AHCI kuwa RAID kwa bahati mbaya, Windows itaanguka kwa skrini ya buluu, na hakuna atakayekumbuka lilivyokuwa. Zikiwepo, ni suala la kulirudisha mahali pake. Nimewaona vijana wanaojivunia kukumbuka vitufe vyote, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, na kasi yao hupendeza macho. Mimi humwamini zaidi yule mwenye picha.

Na lipo suala la neno la siri. Baadhi ya mitumba huja bayosi ikiwa imefungwa na ofisi ya zamani, na kinyume cha wanavyodhani wengi, kuitoa betri hakusaidii kwenye laptopu nyingi za kazi. ThinkPad, kwa mfano, hulihifadhi neno hilo kwenye chipu isiyohitaji betri. Njia za kulivunja zipo, na wapo wanaozifanya nyuma ya pazia. Najua maisha ni magumu na kwamba mteja mara nyingi hana hatia, alinunua kwa nia njema. Hata hivyo namuunga mkono fundi anayedai kwanza karatasi ya manunuzi, kwa sababu kufuli ileile iliyomsumbua mteja wake ndiyo inayomkatisha tamaa aliyeiba laptopu ya mwanafunzi kwenye matatu ya Rongo.

Basi wewe unayekwenda kununua laptopu ya mitumba, iwe Awendo, Homa Bay au Nairobi, usitoe pesa kabla haijazimwa na kuwashwa mbele yako. Mwambie muuzaji aingie bayosi. Ikidai neno la siri asilolijua, irudishe. Isipodai, itazame tarehe, itazame kamera na wayalesi kama zimewashwa, na uulize TPM ipo au haipo. Halafu ukifika nyumbani, ipeleke kwa fundi aipange kwa stima yako na kazi yako, na akikwambia bei ya dakika hizo chache, usimuulize amebadilisha kitu gani. Mlipe.